GARI LINAPOLALA UPANDE MMOJA

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

Somo la leo ni juu ya gari linalolala upande mmoja. Naomba kila mtu awe na karatasi na kalamu, kwa maana patakuwa na hesabu kidogo. Si hesabu za kuogofya. Ni za kujumlisha na kutoa tu.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya mavuno. Mpunga ukishakauka, kila chenye magurudumu hapa Dakawa hupakiwa magunia: Canter, Hilux, hata vile vigari vidogo tunavyoviita Kirikuu. Simameni siku moja kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, karibu na daraja la Mto Wami, mkayatazame magari kwa nyuma yanapoondoka. Mtaona mengi yameinamisha bega moja kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Na mengine yameinama vivyo hivyo hata yakiwa matupu.

Mwenye gari akiulizwa, husema, “Springi ya kushoto imechoka.” Kisha huuza magunia yake kadhaa, huenda Morogoro mjini, hununua springi, hulipa fundi, naye hurudi nyumbani na gari ambalo bado limelala. Huyo ndiye mtu ninayetaka kuzungumza naye leo. Simwambii kwamba springi yake ni nzima. Namwambia kwamba pembe ya gari inayoonekana imeshuka yaweza kuwa si pembe yenye ugonjwa, na kwamba iko njia ya kujua kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinacholibeba gari. Mzigo wa gari hukaa juu ya springi. Nyuma ya pikapu na malori huwa ni springi ya vyuma bapa vilivyopangwa, kirefu juu na vifupi chini yake. Katika magari mengi madogo ni springi ya koili, yaani chuma cha mviringo kilichozungushwa. Iko na aina ya tatu ambayo wengi hawaitambui kuwa ni springi, kwa sababu haifanani na springi hata kidogo: ni fimbo ya chuma iliyonyooka, inayobeba mzigo kwa kusokoteka. Mafundi huiita tosheni baa. Mtaiona mbele katika Hiace nyingi, na katika Hilux za zamani zenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Sasa shokapu. Hapa pana kosa linalokula fedha za watu wengi. Shokapu ya kawaida hailibebi gari. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Ukiziondoa shokapu zote nne gari litasimama karibu pale pale lilipokuwa limesimama; litakapokwenda ndipo utakapojuta. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gari lako limeshuka upande mmoja kwa sababu shokapu imekufa, muulize tena polepole. Lakini katika magari madogo mengi shokapu ya mbele na springi ya koili vimefungwa pamoja, na springi hukaa juu ya kikombe cha chuma kilichochomelewa kwenye shokapu yenyewe. Kikombe hicho kikioza kwa kutu au kikipasuka, pembe ile itashuka. Hapo lililoharibika ni kalio la springi, ingawa utalazimika kununua shokapu nzima ili kulipata.

Tena watu husema springi “imelegea”, kana kwamba chuma kimekuwa laini kama mpira wa zamani. Sivyo. Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alieleza mwaka 1678 kwamba springi hujinyoosha au hujibana kwa kadiri ya uzito inaotwishwa: uzito mara mbili, mwendo mara mbili. Chuma cha springi ya gari hushika kawaida hiyo hata kikizeeka. Kinachopotea ni umbo. Springi iliyotwishwa kupita kiasi kwa miaka mingi hupoteza sehemu ya mkunjo wake, isirudi tena juu ilikokuwa. Ndiyo maana springi mbili za umri mmoja, katika gari moja, zaweza kuwa na urefu mbalimbali, ikiwa moja imekuwa ikibeba zaidi. Na katika nchi yetu, ambako gari hupita kushoto, magurudumu ya kushoto ndiyo yanayoonja mashimo ya ukingoni mwa lami, na abiria hupandia na kushukia upande huo.

Basi twende kwenye kupima.

Kupima gari kwanataka ardhi iliyo sawa, na hapo wengi hukosea. Barabara ya lami imejengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririke kando. Gari lililosimama kushoto mwa barabara huinamia kushoto, nalo halina kosa lo lote. Uwanja wa udongo mweusi wa mbugani ndio mbaya zaidi, kwani gurudumu moja huzama wakati mnapoendelea kuzungumza. Mahali pazuri hapa kwetu ni sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, au sakafu ya ghala. Kama mna shaka na sakafu, mwiteni fundi uashi aje na mpira wake wa maji, ule mrija mwangavu anaotumia kusawazisha msingi wa nyumba. Lakini kuna njia isiyohitaji fundi. Pima gari, kisha ligeuze lielekee lilikotoka, magurudumu yasimame mahali pale pale, ukapime tena. Ikiwa lililala upande wa dereva na sasa limelala upande wa abiria, sakafu ndiyo mkosaji. Ikiwa bado limelala upande wa dereva, mkosaji ni gari.

Kabla ya kupima, shusha mizigo yote, na dereva naye ashuke. Tazama kama chini ya kiti au ndani ya kisanduku hamkubaki jeki, minyororo na vipuri vya mwaka juzi. Tia upepo katika matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na magurudumu mawili ya mbele yawe sawa kwa sawa, vivyo hivyo ya nyuma. Soma namba za matairi yenyewe. Nimekwisha kuona gari lenye tairi la saizi moja kushoto na saizi nyingine kulia, na mwenyewe akilaumu springi.

Kisha lisukume gari mbele na nyuma meta mbili tatu, na ulitikise kila pembe kwa kulikandamiza na kuliachia. Msipuuze jambo hili. Springi za vyuma bapa hung’ang’aniana zenyewe kwa zenyewe, hasa zikiwa na kutu na matope makavu. Gari lililotoka kuinuliwa kwa jeki laweza kubaki limeinuka sentimeta mbili au tatu mpaka lisukumwe. Ukilipima kabla ya kulisukuma utaandika uongo.

Sasa chukua futi ya kupimia. Usipime kutoka chini hadi kwenye bodi. Pima kutoka katikati ya gurudumu, pale penye kitovu chake, hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake moja kwa moja. Kwa njia hiyo tairi limetoka katika hesabu. Fanya hivyo katika pembe zote nne na uandike namba nne: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Ikiwa kwa macho gari limelala, lakini namba za kushoto na za kulia zakaribiana, rudi kwenye matairi na sakafu. Ikiwa gari limepata ajali na madigadi yamepigwa nyundo, pima pia kutoka chasisi hadi ekseli, kwa sababu yaweza kuwa springi ni sawa ila bodi limekaa vibaya juu ya chasisi.

Tofauti ya sentimeta moja kati ya kushoto na kulia haina neno. Magari mengi huzaliwa nayo. Sentimeta mbili na zaidi, tafuta sababu.

Haya, sasa twafika kwenye kiini cha somo, na hapa naomba mwalimu aliye darasani aniandikie namba ubaoni. Ziko gari nyingi za namna hii. Nitalieleza moja la hapa hapa, Hilux ya zamani inayochukua mpunga, nami nimezifanya namba ziwe nyepesi kidogo ili zikumbukike. Ilikuwa imelala kushoto kwa nyuma. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua springi mbili za nyuma, mpya, na gari likabaki vile vile. Namba zake zilikuwa hizi:

Mbele kushoto, sentimeta 45 na nusu. Mbele kulia, 48 na nusu.
Nyuma kushoto, 52 na nusu. Nyuma kulia, 55 na nusu.

Toeni. Mbele, tofauti ni 3. Nyuma, tofauti ni 3. Mtu akisimama nyuma ya gari ataapa kwamba springi ya nyuma kushoto ndiyo mbovu, na aliyesimama mbele ataapa juu ya ile ya mbele kushoto. Ni nani msema kweli?

Ili tujibu, fikirini kitanda cha mbao kilichowekwa juu ya magunia manne ya pumba za mpunga, gunia moja chini ya kila mguu. Kitanda hakijikunji, ni kigumu. Sasa punguzeni pumba katika gunia moja tu, la kichwani upande wa kushoto. Mguu ule utashuka, hilo kila mtu ajua. Lakini kwa kuwa gunia lile sasa limekwepa sehemu ya mzigo, magunia mawili ya jirani, la kichwani kulia na la miguuni kushoto, yatabeba zaidi, nayo yatabonyea kidogo. Na ule mguu wa mbali kabisa, wa pembe ya mkabala, utainuka kidogo. Mtu anayetazama miguuni mwa kitanda ataona kimelala kushoto, ingawa magunia yote mawili ya miguuni ni mazima na hakuna aliyeyagusa.

Gari ni kitanda hicho. Chasisi na bodi ni vigumu, basi ulalo wa mbele huonekana nyuma, na ulalo wa nyuma huonekana mbele. Kama springi zote nne zina nguvu sawa, moja ikipungua sentimeta 6, pembe yake haitashuka 6 kamili. Itashuka 4 na nusu. Jirani zake wawili watashuka moja na nusu kila mmoja. Na ya mkabala itapanda moja na nusu. Katika magari ya kweli springi za mbele na za nyuma hazilingani nguvu, kwa hiyo namba haziji safi hivi, lakini mwendo wa mambo ni huo huo. Kwa hiyo namba nne peke yake, ikiwa hujui gari lilikuwa na urefu gani lilipokuwa zima, haziwezi kukuambia ugonjwa uko mbele au nyuma. Hapo ndipo fedha za yule bwana zilipopotea.

Dawa ni jeki, na kazi yenyewe ni ya robo saa. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Weka jeki nyuma ya gari, katikati kabisa, chini ya chuma cha chasisi kinachopita kutoka kushoto kwenda kulia. Si chini ya difu. Ukiinua difu, springi za nyuma zitaendelea kubeba na hutapata jibu. Inua polepole mpaka springi za nyuma zimeachiliwa mzigo wake karibu wote, na magurudumu ya nyuma yakigusa chini kidogo tu. Sasa nyuma ya gari imekaa juu ya nukta moja, mithili ya mizani sokoni, nayo haiwezi tena kuulazimisha mbele usimame hivi au hivi. Ziacheni springi za mbele ziseme zenyewe. Pimeni mbele tena.

Kama mbele sasa ni sawa kushoto na kulia, ugonjwa uko nyuma. Kama mbele bado imelala, na pengine imelala zaidi ya kwanza, ugonjwa uko mbele.

Katika ile Hilux, nyuma ilipoinuliwa katikati, mbele kushoto ikawa 44 na mbele kulia 50. Tofauti iliyokuwa 3 ikawa 6. Kisha wakafanya kinyume: wakashusha, wakasukuma gari, wakatia mawe magurudumu ya nyuma, wakainua mbele katikati ya chasisi. Nyuma ikapimwa 54 kwa 54. Springi za nyuma zilikuwa sawa kabisa. (Magari mengine yana fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Hiyo itapunguza tofauti utakayoona, lakini haitageuza jibu.)

Naomba niseme jambo juu ya jeki, na mwalimu asiliache lipite. Wakati wa kipimo hiki hapana mtu anayeingia chini ya gari. Hapana haja, maana vipimo vyote vyachukuliwa kutoka nje. Na wakati wo wote mwingine unapotaka kuingia chini, jeki si kitu cha kutegemea. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi ya chuma, au magogo mapana yaliyopandana vizuri, yakiwa chini ya chasisi. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Mnawajua vijana wa gereji waliolala chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Wengine wao hawakuondoka pale kwa miguu yao.

Ukishajua ni mbele au nyuma, ndipo utafute chanzo chenyewe. Kama ni nyuma, na springi ni za vyuma bapa, safisha matope kwa brashi na maji, maana ufa haujionyeshi chini ya tope la mpunga. Tazama kila chuma, hasa kile kirefu cha juu, karibu na katikati kinapofungwa na karibu na jicho lake. Mstari mwembamba wa kutu mbichi, mwekundu, mara nyingi ni ufa. Tazama kama chuma kimoja kimesogea kando kikaacha wenzake. Tazama pia kiungo cha nyuma cha springi, kile kinachochezacheza, kama hakikupinduka kikabana juu ya chasisi. Na bushi, kama hazikuliwa mpaka chuma chagusa chuma. Mwisho pima urefu kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kushoto na kulia, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Ikiwa upande mmoja umekuwa mfupi, senta bolti yaweza kuwa imekatika, na ekseli inatembea juu ya springi. Gari la namna hiyo lisitoke hapo lilipo mpaka litengenezwe.

Kama ni springi za koili, usitosheke kuitazama sehemu ya kati. Mara nyingi koili hukatika ncha ya chini au ya juu, ndani ya kalio lake, na kipande kilichovunjika hukaa mle mle kimya. Pitisha kidole, ukiwa na tochi.

Kama ni tosheni baa, angalia kwanza bolti yake ndefu ya kurekebishia. Katika ile Hilux ndiko ugonjwa ulikokuwa. Fundi mmoja alikuwa amefungua mkono wa kushoto ili abadilishe bushi, wala hakutia alama ya chokaa kuonyesha bolti ilikuwa imefika wapi. Alipofunga, alifunga kwa kukadiria. Dawa ilikuwa kuliondolea gurudumu mzigo, kukaza bolti mizunguko michache, kushusha, kusukuma gari, kupima, kisha kurudia. Mbele ikafika 50 kwa 50. Na yule mwenye gari alistaajabu kuona nyuma kulia imeshuka kutoka 55 na nusu hadi 54, ingawa hapana aliyeigusa. Ninyi mliokifuata kitanda chetu hamstaajabu. Baada ya kazi kama hii gari lazima lipelekwe kunyooshwa magurudumu ya mbele, la sivyo matairi yataliwa upande. Tena tosheni baa ya kushoto haiwekwi kulia, kwani kila moja imezoea kusokotwa upande wake.

Bolti hiyo ni rahisi kuikaza, na kwa hiyo ina kishawishi. Mtu mwenye springi iliyokatika nyuma aweza kuikaza bolti ya mbele mpaka gari lionekane limenyooka. Limenyooka kweli kwa macho, lakini sasa mzigo wake umekaa kipembepembe, magurudumu mawili ya mkabala yamebeba zaidi na mawili yamebeba kidogo. Siku ya mvua, breki ikikanyagwa, yale yaliyobeba kidogo ndiyo yatakayoteleza kwanza. Afadhali gari linaloonyesha ugonjwa wake wazi.

Neno moja kwa wenye Land Rover za zamani, zile zenye springi za vyuma bapa pande zote nne. Bado zipo, na njia za milimani huko Uluguru zilizizoea tangu zamani. Katika Land Rover nyingi za namna hiyo springi za kushoto na za kulia hazikutengenezwa sawa. Zile za upande wa dereva zilipewa mkunjo mkubwa zaidi, kwa maana dereva hukaa upande huo kila siku, na katika nyingi tangi la mafuta li chini ya kiti upande huo huo. Basi Land Rover tupu ikisimama juu kidogo upande wa kulia, usikimbilie spana. Lakini fundi akifungua springi zote akazirudisha bila kutazama, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, gari litalala kulia, na dereva akipanda litalala zaidi. Springi ni mpya, fundi ni hodari, na gari limepinda. Kabla ya kununua, soma namba iliyochapwa kwenye springi.

Sasa yapo matibabu ninayoyaona kila mahali ambayo siwezi kuyasifu. Kuna kuingiza vipande vya tairi kuukuu katikati ya koili: gari huinuka, na springi huvunjika mahali pengine. Kuna kuchomelea springi iliyopasuka. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na moto wa kuchomelea huuharibu. Kitavunjika tena pembeni mwa weldi, huenda siku ya mzigo. Na kuna kubadili springi moja tu. Ikiwa lazima ununue, nunua mbili za ekseli moja, maana iliyobaki nayo imekwisha kupoteza sehemu ya mkunjo wake. Kuongeza chuma kimoja katika springi za nyuma ili gari lichukue gunia zaidi si dawa ya ulalo, tena kinafanya gari tupu liruke kama mbuzi.

Mtaniuliza, je, kulala kwa gari ni hatari hasa, au ni ubaya wa sura tu? Nitawajibu kwa hesabu. Tuchukue gari lenye upana wa sentimeta 140 kati ya magurudumu, lililolala sentimeta 3. Mzigo ulio juu sentimeta 210 utakuwa umesogea kando sentimeta 4 na nusu. Si nyingi. Kwenye tambarare ya Dakawa, gari lililolala hivyo laweza kwenda Morogoro na kurudi mwaka mzima. Lakini gari lile lile likikodiwa kwenda kuchukua mboga Nyandira au abiria wa Bunduki, njia yenyewe imeinama, kona zimeinama, na utingo na wenzake wamekaa juu ya magunia upande wa bondeni. Vyote hivyo hujumlishwa. Na mimi naogopa zaidi kile kinachosababisha ulalo kuliko ulalo wenyewe. Springi yenye ufa katika chuma chake kikuu, au senta bolti iliyokatika, hukaa kimya kwa majuma, halafu huachia pale gari linapopigwa breki likiteremka na mzigo. Ekseli ya nyuma ikigeuka, usukani hausaidii tena.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila kikundi kitafute gari moja, kwa idhini ya mwenyewe, likiwa tupu, na sakafu iliyo sawa. Pimeni namba nne. Ligeuzeni, pimeni tena. Kama tofauti yafika sentimeta mbili, fanyeni kipimo cha jeki, mwalimu akiwapo, na muandike majibu kabla ya kumwita fundi. Andikeni pia fundi alichosema kabla ya kuziona namba zenu, na alichosema baada ya kuziona. Juma lijalo tutaanza kwa kuzisoma karatasi hizo, kisha tutaingia katika breki. Kwaherini.